Pazia la Mkonga wa Pantaleo

Wasikilizaji wapendwa, popote mnaponisikia, Kahama mjini, Didia, Mhunze, na ninyi mlioko machimboni Geita mliotundika redio kwenye mti wa turubai, habari za jioni. Leo tunamkumbuka fundi. Jina lake Pantaleo Maige. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Pantaleo Maige, fundi magari wa Kahama, aliyetutoka mwanzoni mwa kiangazi hiki kwa ugonjwa wa presha.

Lakini nawaonya mapema. Anayetaka kumbukumbu iliyonyooka leo atanisamehe. Marehemu alituachia gari, na gari lile lilituvuruga akili watu wazima na familia zetu. Aliyevurugwa kuliko wote ni mkewe, Coletha, Mama Evelina. Nimekaa naye, amenisimulia mwenyewe, na amekubali nisimulie. Basi nitawapitisha njia aliyopita yeye, pamoja na mashimo yake.

Pantaleo alizaliwa Mhunze, kule Kishapu, kwenye boma la ng'ombe. Ng'ombe hakuwapenda. Alipenda kuchomelea. Akaja Kahama kijana, akajifunza kazi, akafungua gereji yake njia ya kwenda Isaka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuyaandaa magari ya watu kwa safari ndefu. Ukiwa na foo wili yako na unataka kuvuka pori, unampelekea Pantaleo. Anakufungia keria juu, tangi la pili la mafuta chini, winchi mbele, na yale mabati ya kutolea gari mchangani. Watafiti wa madini walimjua. Wageni wanaopita kwenda Burundi walimjua. Yeye mwenyewe? Hajawahi kufika hata Tabora. Mtu anaandaa magari ya kwenda mwisho wa dunia, jioni anarudi nyumbani kwa baiskeli. Tulimtania sana kwa hilo, na yeye anacheka tu.

Alikutana na Coletha huko Didia, kwenye harusi ya jamaa. Wakafunga ndoa kanisani. Na hapa kuna jambo moja mlishike. Pantaleo alikuwa Msukuma wa zamani kwenye suala la mkwe. Siku hizi wakwe wanapiga picha wamekumbatiana, wengine wanacheza muziki pamoja. Pantaleo hapana. Mama mkwe wake, Bibi Scolastika, hakumtazama usoni hata mara moja, wala yeye hakukubali kutazamwa. Jina la mkwe hakulitamka, wala Bibi hakulitamka lake. Bibi alihamia bonde la Rukwa miaka mingi iliyopita, akimfuata mwanawe Masalu aliyepeleka ng'ombe huko kutafuta malisho. Lakini simu ya Bibi ikiita tu, Pantaleo anabeba sahani yake ya ugali anatoka nje. Coletha anasema alimwambia siku moja kwamba mama yuko Rukwa, atamwonaje? Pantaleo akajibu, "Sauti nayo ni mtu."

Ndiye huyo. Sasa njooni kwenye gari.

Miaka kama mitatu iliyopita kampuni moja ya utafiti ilipiga mnada magari yake chakavu. Pantaleo akanunua mkonga, ile Land Cruiser ndefu yenye bomba la hewa limepanda pembeni mwa kioo. Ulikuwa umekufa. Haukuwa na viti nyuma, sakafu imeliwa na kutu. Akauburuza hadi gereji. Mkewe akadhani ni wa kuuza spea. Kumbe sivyo. Jumamosi na Jumapili baada ya misa, mtu yuko chini ya mkonga.

Akaufungia tangi la pili. Sawa. Akaweka tangi la maji lenye bomba dogo ndani. Sawa. Akaweka keria, mabati ya mchangani, turubai la kivuli ubavuni. Yote sawa, hata mtoto angejua gari hili linaandaliwa safari ya mbali. Ila mafundi wenzake walianza kukuna vichwa. Mwigulu, aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, ameniambia kilichomshinda. Gari la safari ndefu, lenye matangi mawili na mizigo juu, unaliongezea springi. Kila fundi anajua. Pantaleo akawa anapunguza. Anatoa jani moja la springi, anaendesha hadi kwenye matuta ya barabarani, anarudi, anatoa jingine. Mwigulu akamuuliza kama ana homa. Akaambiwa, "Nataka lilale kama godoro."

Hebu niambieni, mmeelewa? Mimi sikuelewa. Mwigulu hakuelewa. Na mtaani watu wasipoelewa hujaza wenyewe. Wakasema Pantaleo anakwenda rashi, kwamba kuna dhahabu mpya imefumuka Geita na yeye anataka kwenda kulala porini na wachimbaji. Wengine wakasema, wakiangalia kama Mama Evelina yuko mbali, kwamba kuna mwanamke.

Coletha alikuwa akimpelekea chakula cha mchana gereji. Siku moja akachungulia nyuma ya mkonga, akaona kitanda. Kitanda kizuri, mbao imepigwa msasa, godoro limekatwa kwa kipimo. Lakini chembamba, cha mtu mmoja. Pembeni kuna kiti kidogo cha kukunja, kama cha mtu anayeuguza. Na kati ya dereva na kitanda, Pantaleo alikuwa ametundika pazia zito la kitenge cha bluu, limebana huku na huku, hakuna pa kuchungulia.

Akamuuliza safari ni ya wapi. Mumewe akasema, "Likiisha utajua." Akamuuliza kama kitanda kile ni cha mtu mmoja.

"Ndiyo," Pantaleo akasema. "Cha mtu mmoja."

Jamani wanaume! Hakuongeza neno. Coletha akaweka chakula juu ya betri, akaondoka. Anasema toka siku ile alikuwa akituma mtu kupeleka chakula. Ndani ya nyumba wakawa wanasalimiana, wanasali pamoja, wanalala, lakini lile swali limelala katikati yao. Mume wangu anataka kuniacha? Hilo ndilo alilotaka kujua. Si dhahabu, si gari. Anataka kuniacha, ndiyo au hapana?

Na hakujibiwa. Pantaleo alianguka gereji asubuhi, spana mkononi. Walimkimbiza hospitali, madaktari wakajitahidi, hakurudi. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Pantaleo Maige alifariki gari likiwa limebakiza rangi tu. Tulimzika Kahama. Mwanamke akalia kwenye kaburi la mtu ambaye hajui kama alikuwa bado wake. Ameniambia hivi: "Nilikuwa namlilia na nimemkasirikia, sijui kipi kilianza."

Baada ya matanga, kaka wa marehemu, Mzee Deogratias, akaitisha kikao cha ukoo. Mkonga uuzwe. Mnunuzi alikuwepo, mtu wa kusafirisha wafanyakazi wa machimbo, ila alisema kitanda na pazia vitoke, apange viti. Mzee Deogratias akamuuliza mjane kama ana neno. Coletha akasema uuzwe hata kesho. Hakutaka kuliona tena lile gari.

Akaenda kulisafisha, maana kwetu hutoi kitu cha marehemu kikiwa na vumbi. Akapanda nyuma kwa mara ya kwanza. Na akashangaa kwamba amepanda bila kujivuta. Kulikuwa na ngazi ya chini kabisa, karibu na ardhi, na kishikio upande wa kulia na kingine upande wa kushoto. Pantaleo alikuwa na miguu mirefu kama korongo, ngazi ile ya nini? Akafuta kitanda. Akachoka, akajilaza kidogo. Kichwa kilipogusa mto, akaona dirisha. Dogo, limekatwa kwenye bodi usawa wa mto, ili aliyelala aone nje bila kuinuka. Bomba la maji liko mkono unapofika. Kila kitu kiko mkono unapofika.

Akatazama pazia. Akatafuta pa kulifungua. Kishikizo kilikuwa huku, upande wa kitanda. Akashuka, akaenda kukaa kiti cha dereva, akapapasa kitambaa juu hadi chini. Hakuna kishikizo. Dereva hawezi kulifungua. Narudia, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo: pazia lile linafunguliwa na aliyelala tu. Aliyekaa kwenye usukani hawezi.

Coletha anasema alikaa pale kwenye usukani, ametoa macho. Kumbe kitanda ni cha mtu mmoja kwa sababu mwingine anaendesha. Kumbe pana kiti cha kukunja kwa sababu yupo wa kukaa naye. Ni mtu gani mzee, asiyeweza kuinua mguu, asiyeweza kukaa kwenye springi ngumu, ambaye Pantaleo Maige hawezi kumtazama mpaka mwenyewe apende?

Akampigia simu kaka yake Masalu, Rukwa. Hakumsalimu hata. Akauliza, "Masalu, Pantaleo alikuwa anamfuata mama?"

Masalu akasema ndiyo.

Bibi Scolastika alivunjika nyonga miaka minne iliyopita. Kukaa hawezi, anaweza kulala tu. Kila siku anaomba jambo moja, arudishwe Didia, akafe kwao. Walikodi gari mara moja. Likazama mchangani bondeni, Bibi akapiga kelele za maumivu, wakamrudisha. Coletha alipopewa habari hizo aliugua, hakula. Ndipo Pantaleo akamtumia Masalu salamu: mwambie mkwe gari linakuja, ila dada yako asijue mpaka liwe tayari, sitaki alie mara ya pili. Wakapanga safari na vipimo kwa simu, kupitia Masalu, urefu wa Bibi, mguu mbovu ni upi, analalia ubavu gani. Fundi mzima anampimia mkwe wake kitanda, na jina lake halitaji.

Lakini Pantaleo, ndugu yangu, ungesema kidogo tu! Mke wako amekaa na kidonda bure. Nalisema hapa hewani kwa sababu nilikupenda, na kwa sababu nimekasirika. Ungemwambia hata nusu, ungekufa umepelekewa chakula na mkono wa mkeo.

Coletha akamfuata Mzee Deogratias, akasema gari haliuzwi. Mzee akauliza kulikoni, jana umesema liuzwe. Akampeleka nyuma ya mkonga, akamwonyesha kishikizo. Mzee akakitazama, akavua kofia. Mnunuzi akaambiwa atafute gari jingine. Na Mwigulu akajaza matangi yote mawili.

Walikwenda, Mwigulu kwenye usukani na Coletha kwenye kiti cha kukunja. Tabora, Sikonge, Mpanda, wakashuka bondeni. Mchanga ulijaribu, mabati yakafanya kazi. Bibi Scolastika alipandishwa kwa ile ngazi ya chini, mguu mbovu umetangulia kama ulivyopimiwa, akalazwa. Njia nzima hakulalamika. Springi zile zililala kama godoro.

Na pazia? Lilifungwa. Coletha akamwambia mama yake, "Mayu, anayeendesha ni Mwigulu, fundi tu. Fungua uone njia." Bibi akakataa. Akasema, "Najua ni Mwigulu. Lakini kile kiti ni cha nkwilima wane." Ni cha mkwe wangu. Akaendelea kutazama nje kwa dirisha lake dogo.

Walipofika Tinde, Didia ilikuwa karibu tu mbele yao. Bibi, aliyekuwa akiililia Didia miaka yote hiyo, akasema wakate kwanza kushoto, Kahama. Wakaenda hadi makaburini. Mwigulu akasogeza mkonga taratibu, pua ikaelekea kaburi, akazima injini, akashuka. Kiti cha dereva kikabaki kitupu.

Bibi Scolastika akanyoosha mkono. Akafungua kishikizo, akalivuta pazia lote. Akatazama mbele, juu ya kile kiti kitupu, kupitia kioo, hadi kwenye msalaba wa mbao. Coletha alikuwa pembeni yake. Anasema mama alitazama muda mrefu, kisha akasema maneno haya: "Pantaleo, baba. Asante. Umenifikisha."

Alilitaja jina. Kwa mara ya kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa hapa studio natoa pole kwa Coletha, Mama Evelina, kwa binti yake, kwa Mzee Deogratias na ukoo wote wa Maige kule Mhunze, kwa Mwigulu na mafundi wa njia ya Isaka. Mungu amlaze Pantaleo mahali pema. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna jambo jema mnaliandaa kimyakimya kwa ajili ya mtu wa nyumbani, na mtu huyo hali chakula kwa mawazo, mtafakari usiku huu kama kimya hicho bado kina faida.

Bibi Scolastika yuko Didia sasa, kwao. Coletha amenipa habari ya mwisho, nami naifikisha kama nilivyopewa. Pale makaburini, mama alipomaliza kutazama, Coletha alitaka kulifunga pazia ili safari iendelee. Bibi akamshika mkono. Akasema liachwe wazi, na akaomba Coletha ahame kutoka nyuma, akakae mbele, karibu na usukani, mahali pa mke wa dereva.