Kikombe Kilicholia Vizuri: Maisha ya Luan Dekui

Ndugu waombolezaji, majirani wa Baihuagou, na nyinyi mafundi mliopanda mlima huu kwa miguu kwa sababu barabara imefunikwa na theluji, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe, nimepewa historia hii niisome kwa kuwa familia inasema nina sauti nene na sina tabia ya kulia, hilo la pili tutaliona.

Luan Dekui alizaliwa tarehe 3 Novemba 1950 hapa hapa Baihuagou, kambi ya wakata miti, mtoto wa kwanza wa mzee Luan aliyetoka Shandong na shoka begani, na inasemekana saa ile anazaliwa baba yake alikuwa nje akizipiga ngumi na mnyapara, kwa hiyo ugomvi marehemu aliukuta nyumbani, hakuufuata mbali. Mwaka 1958 aliingia shule ya msingi ya kambi, akafika darasa la nne, akafukuzwa kwa kumpasua mwenzake mdomo kwa kibao cha kuandikia, mwenzake aliyekuwa akimcheka mdogo wake Deshan kwa kigugumizi, na Deshan huyo ndiye yule aliyesimama nyuma karibu na rundo la kuni, nitamtaja tena, msigeuke sasa.

Mwaka 1967 alijiunga na kikosi cha ukataji, akaanza na msumeno wa kuvutana watu wawili, kisha ikaja misumeno ya mnyororo ya petroli, akaipenda kama watu wengine wanavyopenda farasi. Mtu akikaa juu ya kisiki, ambacho sote tunajua ni kiti cha mungu wa mlima, Dekui alimwondoa kwa teke bila salamu. Tarehe 1 Mei 1975 alimwoa dada yangu Sui Guizhen, na siku hiyo, kati ya nyama ya nguruwe na kabichi chachu, nilimvuta kando nikamwambia, "Ukimgusa dada yangu nakuzika," naye akacheka, "Shemeji, mikono hii ni ya wanaume tu, we ukitaka tuanze sasa hivi." Kweli hakumgusa hata siku moja mpaka kifo kilipomchukua dada mwaka 2015, ila milango ya nyumba ile, Mungu wa mlima ndiye anayejua ilivyoteseka. Walijaliwa watoto wawili, Chunlin aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1977, na Yanqiu aliyezaliwa mwaka 1981, huyu hapa mbele yenu mwenye kitambaa cheupe kichwani.

Mwaka 1984 gogo la msonobari lilimponda mguu, akahamishiwa karakana, na huko ndiko alikopatia jina, maana spea za kuiga zilianza kuingia milimani, zimepakwa rangi nzuri kuliko zile za kiwanda chenyewe, na wakataji wakawa hawajui wanunue ipi. "Rangi ni ya kuolea," aliwaambia, "we angalia mwali akianza kufua kama itabaki." Meno ya mnyororo aliyajaribu kwa tupa, reli za upanga, lile bapa refu la chuma linalozungukwa na mnyororo, vilevile, tupa ikizama kama kwenye sabuni aliutupa upanga wote nje kupitia dirishani, liwe wazi au lisiwe, na kile kikombe cha chuma cha klachi, ambacho breki hukibana ili mnyororo usimame, alikitundika kwenye kidole akakigonga kwa msumari, kama mama anavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa hela. "Kizima kinalia, kibovu kinakohoa," ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alimwambia hana cheti cha kupima chuma, akapigwa kwa spea yake mwenyewe, ikavunjika kwenye paji la uso, Dekui akasema, "Umeona? Ingekuwa nzima ungekufa."

Basi, Desemba 2001, Deshan akafungua duka la spea, fataki zikapigwa, kambi nzima ikaja, na juu ya meza kukawa na sanduku la vikombe vya klachi vya kuiga alivyonunua mjini. Watu wakangoja neno la Dekui. Akachukua kikombe cha juu, akakigonga, kikalia mpaka mbwa wakanyanyua masikio, akatangaza, "Nunueni, mdogo wangu kaleta mali." Hakuchimbua chini. Kwa mgeni angechimbua, angemwaga sanduku zima, lakini kumpekua ndugu mbele ya wageni wake siku ya kufungua duka ni kumpiga kofi usoni, nasi sote tuliokuwapo tungemlaani. Deshan akampa kaka yake kile kilicholia kiwe zawadi, na Dekui akakifunga kwenye msumeno wake mwenyewe, kilichofuata akamfungia Chunlin, kwa mikono yake, huku akipiga mluzi.

Tarehe 22 Januari 2002, kwenye mteremko wa kaskazini, baba na mwana walikuwa wakikata, kila mmoja na msonobari wake, hatua chache kati yao. Ncha ya upanga wa Chunlin iligusa tawi lililofichwa na theluji, msumeno ukaruka kurudi usoni kwake, breki ikabana kama inavyopaswa, na kikombe kikapasuka vipandevipande, mnyororo usisimame, ukampata shingoni. Sitaeleza zaidi, mama zake wadogo wako hapa. Nitasema tu kwamba Dekui alimbeba mwanawe mpaka kambini kwa mguu wake ule mbovu, na damu ilikuwa imeganda kifuani mwake, ikabidi dada yangu alikate koti kwa mkasi.

Siku ya maziko, kabla udongo haujakaa vizuri, alichomoa upanga wa msumeno kutoka chini ya koti akamshukia Deshan pale pale kaburini, akamvunja mkono, akamchana sikio, akawa anapiga akiuliza neno moja, "Ulijua? Ulijua? Ulijua?" na Deshan kwa kigugumizi chake hakuweza kujibu hata angetaka. Tulikuwa wanaume watano kumtoa. Polisi walipokuja, Deshan aliwaambia ameteleza kwenye barafu. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawakusemezana, na sahani ya Deshan kwenye karamu za mwaka mpya haikuwekwa tena.

Baada ya hapo Dekui alipata kipande cha reli ya treni ya magogo, akakiweka nje ya karakana, na kila sanduku lililopanda mlima huu alilimwaga, akachukua kimoja cha chini kabisa, akakivunja kwa nyundo juu ya reli ile. Wauzaji walipiga kelele, yeye alipiga nyundo. "Usipovunja wewe," alikuwa akisema, "mlima utakuvunjia, na mlima hauchagui cha bei nafuu." Wapo wanaume katika umati huu ambao bado wana vichwa juu ya mabega kwa sababu ya hasira ya mtu yule, na baadhi yenu bado mna alama za ngumi zake pia, shikilieni vyote viwili.

Mwaka jana, mwezi Septemba, mapafu yalianza kumsumbua, hospitali ya wilaya ikamtibu, akakataa kufia mjini, akarudishwa. Alimtuma Yanqiu anunue mabeseni mawili ya udongo, kwa ajili ya lile linalovunjwa jeneza likiinuliwa, akayagonga kwa msumari akiwa kitandani, akaamuru moja livunjwe mbele yake ajue jingine litapasuka kwa pigo moja. Wazee wa ukoo wakaja kumwambia kwamba asiye na mwana huvunjiwa beseni na mtoto wa kiume wa ndugu yake, yaani wa Deshan, naye akawarushia vile vigae.

Tarehe 2 Machi asubuhi, Deshan alikuja na lile sanduku la zamani, alilokuwa amelificha miaka yote, akalimwaga kwenye theluji chini ya dirisha la mgonjwa, akachukua nyundo, akaanza kuvunja vikombe juu ya reli, kimoja kimoja. Nilikuwa chumbani. Dekui alikuwa amefumba macho, anasikiliza, na kwa kila pigo alisema, "Kibovu. Kibovu. Kibovu." Vilipokwisha, Deshan aliingia, akapiga magoti, akasema kwa shida kubwa, "Kaka, cha p-pili, kile cha Chunlin, nilikigonga kabla ya kufungua duka. Kilikohoa. Nikasema ni b-baridi tu."

Nilijiandaa kwa vita, lakini Dekui alisema tu, "Lete msumeno wangu." Tulifungua kikombe chake, kile kilicholia, akasema, "Nacho kivunje." Deshan alipiga, kikalia. Akapiga tena kwa mikono yote miwili, mmoja ule uliopinda, kikalia tena, hakikuwa na hata ufa. Hapo ndipo mtu huyu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwa mwanawe, alilia mpaka kitanda kikatikisika. "Kizima kilikuwa kimoja," alisema, "nikajipa mimi." Kisha akamshika mdogo wake sikio lile lenye kovu, akasema, "Mpelekee Chunlin. Ndicho kilikuwa chake." Tarehe 9 Machi 2024 alituacha.

Familia inawashukuru madaktari waliovumilia matusi yake, majirani waliowasha jiko usiku na mchana, na mafundi wa karakana waliochonga jeneza hili, ambalo naamini kila ubao wake umegongwa. Beseni atalivunja Yanqiu, juu ya ile reli, hilo ni neno la marehemu, na mwenye pingamizi aje kwangu. Tukifika kwenye kaburi la Chunlin jeneza litasimama, na Deshan, ambaye sasa mnaweza kugeuka mkamtazama, na mpeni njia apite mbele, atakifukia pale kikombe alichokibeba chini ya koti lake.

Pumzika kwa amani, shemeji, kunjua ngumi zako sasa, mwanao atakipokea.