Kilo Themanini na Tano

Wasikilizaji wapendwa, leo hatufungui kwa muziki. Leo tunamkumbuka bondia wa uzito wa juu aliyeitwa Sindano. Jina alilopewa na wazazi limeandikwa kaburini. Huku duniani alikuwa Sindano, na hata mkewe alimwita hivyo, hasa siku za hasira.

Sindano alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha na mageti. Mchana alishika chuma, jioni akavaa glavu. Miaka ishirini na minne iliyopita alikuwa bingwa wa uzito wa juu, na alikuwa na kilo themanini na tano. Narudia, wasikilizaji: kilo themanini na tano. Enzi zile zilitosha. Kwa kilo hizo alimchapa mtu wa kilo mia na kumi, raundi kumi, kwa pointi, akarudi nyumbani uso mzima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka na kurudi kabla hujafumba jicho. Unachomwa, ukitazama, hamna kitu.

Halafu mabondia wakakua. Siku hizi uzito wa juu unaanzia kilo tisini na moja, na bingwa wa sasa ana kilo mia na kumi na tisa. Ubishi wa nani zaidi, wa zamani au wa sasa, ukahamia saluni.

"Hawa wa leo makabati," Sindano alisema siku moja, povu la sabuni limemjaa kidevuni. "Kabati halina miguu."

"Siku hizi yana magurudumu," kinyozi akamjibu. "Na likikuangukia, Sindano, halikuulizi ulijifunzia wapi."

Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini lile neno lilimkaa rohoni.

Maneno ya saluni yakawafikia wakubwa wa chama cha ngumi. Wale mabwana bondia akilia njaa hawasikii, ila harufu ya ukumbi uliojaa wanaipata wangali mbali. Wakaja karakanani wawili, viatu vinang'aa, wanakwepa vumbi la chuma. Wakamwambia: raundi tatu tu, za maonyesho, wewe na bingwa. Watu waone wenyewe, wa zamani na wa sasa nani zaidi. Sindano alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Wiki iliyofuata alikwenda na binti yake kumwangalia bingwa akifanya mazoezi.

"Tulikaa nyuma kabisa," binti anasimulia. "Baba alikuwa anaitazama miguu ya bingwa tu. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, huyu mtoto ana miguu. Sisi tulijifunza ufundi kwa sababu tulikuwa wadogo, hatukuwa na kingine. Huyu amepewa mwili, na ufundi kajifunza.' Nikamwambia, basi baba, achana nao. Akasema, 'Nikiacha, nitanyolewa wapi?'"

Alijua, wasikilizaji. Alijua, na akaogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa ngumi.

Ikabaki shida ya mizani. Katibu wa chama alimwambia wazi: "Fikisha tisini na moja, la sivyo hakuna pambano. Utafikishaje, hiyo kazi yako, mzee." Sindano akala mpaka mkewe akaficha sufuria. Akanywa maji mpaka tumbo likawa linacheza kama dumu. Akafika themanini na saba, uzito ukagoma hapo. Basi asubuhi ya kupima akakata vyuma vinne bapa karakanani, akampelekea mkewe avishone kwenye mkanda wa kuvaa ndani ya trakisuti.

"Nilishona huku namtukana," mama anasema. "Nilimwambia, mzee mzima unachakachua mizani kama muuza nyama! Yeye anacheka tu. 'Kaza uzi, mama watoto, chuma kisije kikanidondokea mbele za watu.'"

Hakikudondoka. Kiligonga. Alipopanda mizani, chuma kiligonga chuma, na waliokaa mbele wote wakasikia. Katibu alitazama dari. Hakumwambia avue trakisuti. "Tisini na moja na nusu," akasema, akaandika. Daktari hakuwepo. Muhuri wake ulikuwepo.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bingwa aliinamisha kichwa, akagusa glavu za Sindano, akasema, "Shikamoo, mzee." Raundi ya kwanza ule mkono wa kushoto ulitoka na kurudi, ukatoka na kurudi, na lile jitu likawa linapiga upepo. Raundi ya pili vilevile. Watu wazima walilia kwa furaha. Kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti, anamshangilia Sindano kuliko wote.

Raundi ya tatu bingwa hakutafuta kumpiga usoni tena. Alimkumbatia, akamlalia. Kilo mia na kumi na tisa zikamlalia mtu wa themanini na saba, na mbili kati ya hizo zilikuwa maji na chakula. Refa anayeijua kazi yake angewatenganisha. Huyu alikuwa ameambiwa aache watu wafurahi. Miguu ya Sindano ikachoka kubeba. Ikaja ngumi moja fupi, ya ndani, ambayo miaka ishirini nyuma angeikwepa huku anapiga soga.

Hakukuwa na gari la wagonjwa. Alipelekwa hospitali kwenye gari la spika za matangazo, amelazwa katikati ya nyaya. Alifariki siku ya tatu.

Wakubwa walikuja msibani na karatasi. Wakaisoma mbele ya wafiwa: bondia alikuwa na kilo tisini na moja na nusu, kanuni zilifuatwa. Mama akainamisha uso, maana vile vyuma alivishona yeye. Wakanyamaza na ukweli, wakamwachia mjane aubebe.

Bingwa alikuja peke yake, akaketi chini. "Mama," alisema, "raundi mbili sikuuona mkono wake. Kama tungekuwa na mwili sawa, mimi ndiye ningelazwa."

Mama, pole sana. Kosa la kushona ulilifanya kwa kuombwa na mumeo, kwa kumpenda. Aliyesikia chuma akaandika kilo, huyo ndiye tunayemdai maelezo. Pole binti. Pole kinyozi, ambaye tangu siku ile hajafungua saluni. Mungu amlaze Sindano mahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, jana chama kilitangaza pambano jingine la wa zamani na wa sasa, mwezi ujao. Tiketi zimeanza kuuzwa. Ninyi mnaotaka kukata, kaeni kwanza mfikiri mnakwenda kuangalia nini. Na wewe kaka uliyechaguliwa, una miaka hamsini na miwili, na najua redio yako iko wazi. Wakija kesho na viatu vyao vinavyong'aa, wafungie mlango. Waache watu wakucheke.