Tarakimu Sita Mfukoni mwa Digrii

Kijiwe chetu kiko pale barabara ya bwawa la hekalu inapokutana na mtaa wa mafundi shaba, hapa Kumbakonam. Benchi lenyewe nililibeba mimi kichwani kutoka kwa seremala, baada ya wanaume wanne kushindwa. Kahawa ni ya dada Visalam, na ukiona povu limesimama kama kilemba cha bwana harusi, jua maziwa ni yangu. Mji huu kahawa yake inaitwa kahawa ya digrii, kwa sababu maziwa yanapimwa kwa kile kijiti cha kioo chenye digrii zake. Ukitia maji, kijiti kinazama na kukuumbua mbele za watu. Mwenye kijiti ni mimi. Ndiyo maana mimi Velayutham, niliyekimbia shule darasa la pili, mji mzima unaniita Digrii. Siku hiyo nilifika saa tisa mchana, mfuko wa shati una simu, na ndani ya simu nimeiweka serikali nzima.

— Serikali nzima? — akauliza Meno. Huyu ni Muthukaruppan, muuza taa za shaba. Tunamwita Meno kwa sababu kabakiwa na matatu.

— Nzima! Kule Chennai wamekaa kimya wananisubiri. Mpaka mimi niseme, hakuna anayekula.

— Basi sema, watu wapate kula, shemeji. Umewakosea nini?

Nikawaeleza. Binti yangu Kayalvizhi kafanya mtihani wa kuingia udaktari mara mbili. Safari hii kapata mia nne na kumi na mbili kati ya mia saba na ishirini. Mtu mwingine angezitia alama hizo kwenye fremu, ila kiti cha udaktari kwenye vyuo vya serikali kilitaka zaidi. Sasa inabidi achague kozi nyingine ya tiba kwenye mtandao, na mwisho ni leo, saa kumi na moja jioni. Ukishachagua, mtambo unatuma namba ya siri, tarakimu sita. Bila hizo sita chaguo halifungi, na namba yenyewe inakufa baada ya dakika kumi. Kayal yuko kwenye kibanda cha kompyuta kule stendi. Lakini simu iliyoandikishwa ni hii yangu.

— Kwa hiyo unasubiri namba iingie, — akasema Kompaunda.

— Nasubiri.

Hapo niliwadanganya. Namba ilishaingia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nafunga ndama, mara ya pili nikiwa njiani. Kayal alipiga mara zote mbili, nami mara zote mbili nikamwambia mtandao wa huku mbovu, mwanangu, hakuna kitu. Kusoma sijui, lakini tarakimu nazijua kuliko karani wa benki. Muuza maziwa asiyejua tarakimu ni mtu anayegawa maziwa bure.

— Anachagua nini? — Kompaunda akauliza. Jina lake Sethuraman. Miaka ishirini alifunga vidonge kwenye vikaratasi katika zahanati moja hapa mjini, tangu hapo anajiona daktari aliyenyimwa koti.

— Anataka Siddha, — nikasema haraka, kama mtu anayetema mbegu. — Chuo cha serikali, Palayamkottai. Nimemwambia arudie mtihani mara ya tatu, akae nyumbani asome. Mwakani atapata mia saba na ishirini zote, na wasahihishaji watamwongeza thelathini za heshima.

— Siddha si ile tiba yetu ya mizizi na majivu? Bibi yangu alikuwa anaijua bila chuo, — Meno akasema. — Sikiliza, mpeleke kwenye meno.

— Wewe ndiye wa kusema meno?

— Mimi ndiye shahidi! Nchi hii ina watu bilioni na zaidi. Kila mdomo meno thelathini na mawili. Zidisha.

— Kwako tutoe ishirini na tisa, — akasema dada Visalam akimimina kahawa kutoka juu, inashuka kama uzi, haimwagiki hata tone.

— Ada ya vyuo binafsi vya meno unaijua? — nikamwuliza. — Unauza ng'ombe, unauza zizi, unamuuza na mwenye zizi.

— Basi viungo, — Kompaunda akasema, kakunja miguu kwenye benchi kabisa, ishara kwamba hotuba inaanza. — Wale wanaonyoosha viungo. Watazame vijana wa siku hizi wanavyoinamia simu. Miaka kumi ijayo shingo zote zitakuwa kama za korongo. Mtu hataweza kuangalia juu. Watajenga milango mifupi. Bwana harusi hatamwona bibi harusi uso, ataona vidole vya miguu tu. Hapo mnyoosha shingo ndiye atakuwa waziri mkuu.

— We Kompaunda unakunywa kahawa au unakunywa kitu kingine? — nikamwuliza.

— Mimi naona unesi, — dada Visalam akasema. — Mama yangu alipolazwa, daktari nilimwona kama watu wanavyoona kupatwa kwa jua. Nesi ndiye aliyemlisha.

— Dada, ukoo wangu hauzai manesi. Babu yangu alimfunga mfupa tembo wa hekalu kwa mikono hii.

— Kwa mikono yako wewe?

— Kwa mikono yake, iliyokuwa kama hii yangu!

— Tembo! — Meno akaruka, kahawa ikamwagikia magoti. — Umesema mwenyewe. Awe daktari wa tembo wa hekalu. Mgonjwa mmoja tu! Asubuhi unamwangalia mkonga, jioni unamwangalia mkia, baraka unapata bure. Tena tembo haji na ndugu zake kupiga kelele wodini.

— Na mkia ukiumwa, atafunga bandeji akiwa wapi? — akauliza Kompaunda. — Hapana. Kama ni mgonjwa asiye na kelele, bora maiti. Daktari wa maiti. Hajawahi kutokea hata mmoja kurudi kulalamika kwamba dawa haikufanya kazi.

— Binti yangu na maiti? Unataka aolewe na nani, mchoma maiti?

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi yao wote, nikapiga benchi mpaka vikombe vikaruka, kwa sababu wakati ule ule mfuko ulianza kutetemeka.

— Digrii, — dada Visalam akasema, — shati lako linatetemeka.

— Ni moyo huo. Wanaume wa kwetu mioyo yetu inasikika nje.

— Moyo hauwaki taa.

Nikaiacha ilie. Ikakata. Ikalia tena. Jina la Kayal silijui kulisoma ila kaniwekea picha yake, hivyo nilimjua. Nikapokea.

— Baba, nimeomba tena. Wameandika wametuma. Hebu angalia.

— Hakuna, mama. Mtandao. Hapa kuna ule mnara, unajua, wameufunga kwa matengenezo.

— Mnara gani, Baba? Si umepokea simu.

— Sauti inapita, maandishi hayapiti. Maandishi ni mazito.

Nyuma yake nikasikia watu wengi na mtu mmoja akisema wanaomaliza wawapishe wengine.

— Saa kumi na nusu hii, — akasema taratibu, akakata.

Nilipoinua macho, kijiwe kizima kinanitazama. Mimi ni mtu wa kutazamwa, nimezoea, ila si kwa macho yale.

— Shemeji, — Meno akasema, — namba imeingia?

— Imeingia namba za watu wa bima. Wananipenda sana wale.

— Lete hiyo simu tuone.

— Wewe unajua kusoma?

— Sijui. Ila Kompaunda anajua.

— Miwani nimeacha nyumbani, — akasema Kompaunda, na miwani iko kichwani. Akaona tumeiona. — Jamani, mambo ya mtu na mwanawe. Mimi simo.

— Arudie mtihani, — nikasema, sauti ikapanda yenyewe bila kuniuliza. — Daktari ni daktari! Nimeshawaambia watu mia tano. Nimemwambia mpaka padri wa kanisa la Wazungu, nami si Mkristo. Kila ninapopeleka maziwa wananiuliza, daktari wetu anaendeleaje? Nitawaambia nini, kaenda kusaga mizizi? Tena Palayamkottai! Unapanda basi leo unafika kesho kutwa.

— Ni mwendo wa saa nane tu, — Meno akasema. — Dada yangu kaolewa kule.

— Saa nane kwako wewe usiye na ng'ombe!

Kulikuwa na jamaa kakaa ukingoni mwa benchi, kaingia katikati ya habari za tembo. Msoma mita za umeme, begi lake begani, jasho mgongoni, aliyehamishiwa hapa kutoka wilaya nyingine, maana sura hatukuijua. Alikuwa anapooza kahawa yake, anaimimina kutoka kikombe kwenda kwenye bakuli na kurudi, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusikia lakini masikio hayana mlango.

— Samahani, kaka, — akasema. — Mimi si wa hapa. Hicho chuo alichochagua mwenyewe, kina ubaya gani?

— Ubaya? — nikasema. — Jamani, anauliza ubaya! Mwambieni.

Nikamwangalia Meno. Meno akafungua mdomo, tukayaona yale matatu, akaufunga.

— Ubaya wake... — Kompaunda akaanza. — Kwanza ni miaka mitano na nusu.

— Udaktari nao si ndiyo hiyo hiyo? — jamaa akauliza.

— Ndiyo hiyo hiyo.

— Ni cha binafsi?

— Cha serikali, — nikasema.

— Ada kubwa?

— Ndogo.

— Hawana bweni la wasichana?

— Lipo. Kayal kaniambia ukuta wake una urefu wa... lipo.

— Akimaliza hawamwiti daktari?

— Wanamwita, — Kompaunda akasema, kama anayeungama. — Na hospitali za serikali zina chumba cha Siddha. Hata hapa kwetu kipo, Jumatatu foleni inafika getini.

— Basi mimi nilikuwa nauliza tu, — jamaa akasema, akanywa kahawa yake.

Meno akachungulia kikombe chake kitupu, Kompaunda akashusha miguu kutoka kwenye benchi. Kwenye kijiwe kile, tuliwahi kujadili siku nzima kama mwezi ukipatwa unaliwa au hauliwi, hakuna aliyekosa neno. Nilitafuta ubaya wa chuo kile kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mchanga. Nikapata mmoja tu, na huo hausemeki mbele ya wanaume.

Tangu mama yake Kayal afariki ni miaka mitano, tuko wawili. Alfajiri mimi nakamua, yeye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwenye mlango wa zizi anasoma mifupa kwa sauti. Mifupa ya mkono, mifupa ya mguu, ile midogo ya sikio. Wanasema mtu ana mia mbili na sita. Mimi nimehesabu mia tatu. Sijui hata mmoja uko wapi, lakini nayajua majina yake yote kwa mfuatano, na akiruka moja nakohoa, anarudi. Ng'ombe mweusi hatoi maziwa mpaka asikie sauti ile. Hiyo si fiksi, hilo muulizeni yeyote. Sasa nendeni mkamweleze msoma mita kwamba chuo cha serikali kina ubaya, ubaya wake ni kwamba zizi langu litakuwa kimya.

— Saa kumi na dakika arobaini na tano, — dada Visalam akasema, hakuniangalia. Alikuwa anafuta mtungi wa maziwa ambao ulikuwa msafi.

Simu ikatetemeka, fupi, ule mtetemo wa maandishi. Namba mpya. Nikaitoa. Mikono yangu, ambayo imeshika pembe za fahali wawili kwa mpigo, ilikuwa inapapasa kioo kama ya kipofu. Kabla sijapiga mimi, akapiga yeye.

— Baba. — Basi, hakuongeza neno. Hata hakuuliza tena.

— Imekuja, — nikasema. — Mnara umepona. Una kalamu?

— Nina kalamu.

— Nne.

— Nne.

— Saba. Sifuri. Sifuri tena, wameziweka mbili. — Nikasimama, sijui kwa nini. Kijiwe chote kikasimama nami, hata msoma mita, kikombe mkononi. — Mbili. Tisa.

— Nne, saba, sifuri, sifuri, mbili, tisa.

— Hizo hizo.

Nikasikia vidole vyake vikigonga, na mwenye kibanda akisema kitu, na msichana mwingine akicheka. Halafu pumzi yake, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

— Imefunga, Baba! Imefunga! Ngoja nitoe karatasi, kuna foleni nyuma yangu...

— Kayal, umekula? Kayal. Asubuhi uliondoka hujala kitu. Pitia pale stendi...

Alishakata. Nikaiangalia simu, picha yake imeshaondoka. Nikairudisha sikioni upesi, kwa sababu Meno na Kompaunda na dada Visalam walikuwa wananitazama midomoni.

— Ndiyo, mama, — nikasema kwa nguvu, watu wa ng'ambo ya barabara wasikie. — Ndiyo, daktari wangu. Baba yako anasikia. Hapana, usilie, mimi nitakuwa sawa. Nitakuja kila mwezi. Kila wiki! Ndiyo. Niambie.

Nikaendelea kuongea hivyo, natikisa kichwa, nacheka panapostahili, mpaka msoma mita akaenda zake na dada Visalam akaanza kuosha vikombe.