Fundi Sikio na Spika Tatu Zisizo na Kosa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Fundi Sikio anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba cha vipimo. Jina lake la kwenye hati ya mshahara tumelisahau, na hata yeye ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Kazi yake ilikuwa kupima jinsi panya wanavyopoteza usikivu kadiri wanavyozeeka. Humlaza panya kwa sindano, humbandika nyaya nyembamba kichwani, humpigia sauti za kila aina, na mashine huonyesha kama ubongo umeitikia. Panya elfu nne na ushee wamepita mikononi mwake. Waliozeeka aliwaamkia shikamoo kabla ya sindano, na ole wako uonekane unacheka.

Kila asubuhi alijaribu spika kwa masikio yake mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita akatangaza kwamba sauti nyembamba hazitoki, spika imekufa. Stoo wakampa nyingine. Nayo imekufa. Ya tatu ilipomfia, aliandika barua ya kurasa mbili kuwalaumu stoo kwa kununua vitu vya ovyo. Mama wa stoo akaleta ya nne mwenyewe, amenuna kweli kweli. Alipofika mlangoni aliziba masikio, akaomba kwanza kizimwe hicho kinachopiga kelele. Fundi alikuwa ameinamia spika ile ile ya tatu iliyokuwa ikilia, hasikii kitu.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Baadaye alituambia aliogopa kuondolewa kwenye chumba anachokipenda kuliko sebule yake. Kesho yake alijipima, akajiandika kwenye daftari la panya, chini ya namba 3,911: dume, miaka hamsini na saba, sauti nyembamba hasikii, chakula anakula vizuri. Akampelekea mkuu wetu daftari hilo kwa mkono wake, akashauri spika ijaribiwe na mwingine. Mkuu akakubali, na Fundi akabaki. Barua ya kumwomba radhi mama wa stoo ilifika kurasa tatu.

Siku hizi anavaa vifaa vya kusikia, na mkewe anasema visingizio vimekwisha.

Fundi, miaka yote tulikupigia kelele tukidhani umezama kazini. Leo tunasema kwa sauti ya chini: asante, tunakupenda, na chumba kitapwaya bila wewe. Upumzike kwa afya na furaha.

Shikamoo, mzee wetu. Usiogope, sindano hatuna.