Shahidi Asiyemfahamu Dakta Kuruvilla

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Reeba, binti pekee wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi hii kwa sharti kwamba nisihutubie kama niko kwenye mdahalo wa chuo, sharti nitakalolitimiza mpaka nifike kwenye habari za uhamiaji.

Marehemu Dakta Mathai Kuruvilla alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 huko Kozhencherry, Kerala, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akapata shahada ya elimu ya wadudu Bangalore, akafunga ndoa na mama yangu, Aleyamma, tarehe 12 Januari 1998, kisha wakahamia hapa Lincoln, Nebraska, alikopata udaktari na kazi ya kuchunguza nzi wanaonyonya damu ya ng'ombe, na mwaka 2003 nikazaliwa mimi.

Mwaka 2012 aliomba ukazi wa kudumu kwa njia ya watafiti mahiri, ambayo humtaka mtu athibitishe kwamba hana mfano wake, na kama ilivyo desturi, waliotakiwa kumsifu kwa barua walimwambia aandike rasimu mwenyewe wao watie saini, naye, mtu aliyeomba radhi hata akikanyagwa yeye, akaandika kwamba Dakta Kuruvilla "anajitahidi".

"Daktari, hiyo ni ripoti ya mtoto wa darasa la tatu!" wakili wake wa uhamiaji alifoka baada ya ombi kukataliwa.

"Andika wewe ni bingwa, Baba Reeba," mama akamwambia, "uongo uko wapi? Nzi wote wanakujua."

Afisa wa uhamiaji alilalamika pia kwamba wasifiaji wote walikuwa marafiki zake, hivyo mwaka 2014 akatafutwa mgeni kabisa, Profesa Harlan Stroud wa Texas, ambaye baba alisoma maandishi yake tangu ujana, akaandika kwamba hajawahi kukutana na Dakta Kuruvilla ila kila mfugaji anapaswa kumshukuru, na wakili akamwonya baba asizoeane naye mpaka kadi ya ukazi itoke, ushahidi wa mgeni usije ukaharibika.

Wakili alidhani ni miezi, lakini waliozaliwa India wana foleni yao ndefu, kana kwamba ng'ombe wa Nebraska huuliza daktari wa nzi wao kazaliwa wapi, na kwa miaka kumi baba alimkimbia mtu aliyetamani sana kuzungumza naye, kwenye mikutano ya watafiti, Denver akapanda ngazi ghorofa tisa kuikwepa lifti, Kansas City akajificha nyuma ya birika la kahawa, hadi Profesa akauliza watu, "Jamani, yule bwana nimemkosea nini?"

Kadi ilifika tarehe 14 Machi 2024, na jioni hiyo baba alipiga simu Texas, akasema, "Profesa, sasa ni ruksa kunifahamu," wakacheka mpaka mama akadhani baba anakabwa, wakapanga Profesa aje kula mchuzi wa samaki nyumbani tarehe 11 Mei.

Tarehe 3 Mei moyo wa baba ulisimama ghafla akiwa maabara.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani walioleta vyakula, wafanyakazi wenzake walioendelea kulisha nzi wake, na Profesa Stroud, aliyekataa kubadilisha tiketi yake, kwa kuwa leo ndiyo tarehe 11.

Profesa, sogea karibu, huyu ndiye baba yangu, na mchuzi uko nyumbani.

Pumzika kwa amani, Appa, hakuna tena wa kumkimbia.