Golikipa wa Timu ya Chai

Sogeeni, wanangu, na mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize, maana sauti yangu si ile niliyokuwa nikiwaitia makuli wenzangu kwenye gati la Kisumu, na neno nikishalisema sitalirudia. Milka, binti yangu, niwekee mto mgongoni. Oduor, keti hapo ninapoweza kukuona uso. Nawe Nekoye, mke wa Joram wangu, baki hapo mlangoni kama heshima ya mkwe inavyotaka, lakini mlango uache wazi, kwa sababu mengi nitakayosema yanakuhusu wewe. Obiero, jirani yangu, umeitwa kuwa shahidi, basi shuhudia, na porojo zako ziache kwako.

Ninajua mmekuja kunisikiliza kuhusu nini. Oduor amekwisha kuliona tunda la yago kwenye mti kule mtoni, kubwa, refu kama mkono wa mtu, na anataka lizikwe badala ya Joram kaka yake, kama tunavyomzikia mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Miaka mitatu ameniomba, na miaka mitatu nimekataa. Yago ikizikwa, Joram ni marehemu mbele ya watu wote, na Oduor anaruhusiwa kutoka katika boma langu akaanzishe lake, kwa kuwa mdogo hawezi kumruka mkubwa wake. Hiyo ni haki yake, sikatai. Lakini yago hiyo hiyo ikizikwa, Nekoye ni mjane, na mjane wa nyumba hii hutafutiwa mwanamume wa ukoo wa kuingia kwake, na mwanamume huyo ni nani sote tunamjua, ameketi hapa mbele yangu. Leo mwaka huu wa tisini na saba, nikiwa na akili zangu timamu, nitasema kama Joram yuko hai au amekufa, na nitasema yago ifanywe nini na Nekoye afanywe nini. Mtu asinikatize.

Nianze na redio, kwa sababu mnailaumu. Msidhani sisikii. Mnasema redio ya mzee ndiyo iliyompeleka Joram Rwanda.

Nilikuwa kuli wa bandari. Nimebeba magunia ya sukari, ya saruji, ya kahawa ya Waganda, na katika miaka hiyo yote hakuna meli iliyouliza jina langu. Jioni nilirudi chumbani kwangu, nafungua redio, nawasha sigara. Wenzangu walikuwa wakitafuta Gor, Gor, Gor, na mimi nikitafuta timu ambazo hakuna mtu anayezitafuta. Redio ya Bujumbura ilikuwa na Kiswahili, ya Kigali vilevile, Cairo, Ujerumani, London, wote walikuwa wakisema Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake ya ajabu. Nilijua nani anaongoza ligi ya Burundi. Nilijua huko Shelisheli nani ameshuka daraja. Nilisikia kuna nchi ya barafu ambako jua la kiangazi linakataa kuzama na watu wanacheza kombe lao usiku bila taa, nikamwambia mama yenu, akaniambia Laban, wewe umeanza kurogwa. Ha! Mwaka wa themanini na saba Gor ilipobeba kombe la Afrika, Kisumu nzima ikalala barabarani kwa furaha, na mimi nilifurahi, mimi si jiwe, lakini asubuhi yake nilikuwa nikiuliza watu gatini: je, ile timu ya Malawi iliyotolewa raundi ya kwanza, wachezaji wake wamefika nyumbani salama? Obiero akanipa jina siku ile ile, Mzee wa Ligi za Wenye Njaa. Unakumbuka, Obiero? Miaka saba uliniita hivyo mbele ya watoto wangu. Nilikuchukia sana, nakuambia leo, nilikuchukia hata kanisani.

Nilizipenda timu hizo kwa sababu hakuna aliyezishangilia. Basi. Sina sababu nyingine ya kisomi.

Joram alikua akisikiliza pamoja nami, na alipokuwa mkubwa, mikono yake mnaijua, mpira ukifika pale umefika. Timu ya mjini ikamchukua na kumkalisha benchi miaka minne, kwa sababu golikipa wao alikuwa mpwa wa mwenyekiti. Miaka minne kijana anapasha misuli joto na kuvaa traksuti tena! Hao ndio waliomfukuza Kenya, si redio yangu. Nilipomsikia mtangazaji wa Kigali akisema timu ya kiwanda cha chai, huko milimani, imefungwa mabao sita na golikipa wake amevunjika mguu, nilimwambia Joram kama habari tu, tukicheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga mfuko. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda basi. Oduor, ulinitamkia kwenye mazishi ya mama yako kwamba nimemuuza kaka yako kwa redio, na watu walisikia. Neno hilo silikubali, nalirudisha kwako leo, lichukue.

Nao walimpenda huko. Msimu wa kwanza tu, Timu ya Chai ikatoka mkiani ikafika katikati, na katika kombe la nchi ikaingia nusu fainali, na mtangazaji akasema, nilisikia kwa masikio haya, “Joram, Mkenya, amedaka penalti mbili.” Nililia. Ulikuwa hapa Nekoye, umetoka kuuza mitumba sokoni na mtoto mgongoni, ukasimama hapo hapo mlangoni ukalia nami. Kila Jumapili tulisikiliza matokeo, mimi ndani, wewe nje, na wewe ndiye pekee katika boma hili uliyejifunza majina ya timu zote za Rwanda.

Kisha ikaja Aprili ya tisini na nne. Ligi ilikatika. Redio ile iliyokuwa ikinisomea matokeo ilikuwa ikisema maneno mengine, na sitayasema hapa. Mei ile mnaikumbuka wenyewe, watu walianza kusema kuna miili inaletwa na mto hadi ziwani, upande wa Uganda, mingi, na hapa kwetu Usenge wanunuzi wa samaki wakapotea. Omena, dagaa wetu, ikakauka mchangani hadi ikawa vumbi. Waganga wa serikali wakapita na vipaza sauti wakisema samaki ni salama, kuleni. Watu wakaanza kula tena. Mimi tangu mwezi ule sijatia samaki mdomoni, nami ni Mjaluo wa ziwani, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini. Mlisema mzee amekuwa mkorofi.

Mwaka uliofuata nikasikia kwenye redio ya Tanzania kwamba wakimbizi wa Rwanda walioko Ngara wamejiundia kombe lao ndani ya kambi, timu kwa timu, kila kundi na watu wa mahali lilikotoka. Kombe la wakimbizi, wanangu! Viatu hawana, wanachezea kombe. Nikajua kama Joram yuko hai na kuna goli mahali, atakuwa amesimama ndani yake. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuvimba. Nikamwambia Nekoye. Mlidhani amekwenda kwao Bungoma kumwuguza mama yake, na mkamsema vibaya. Alikwenda Ngara. Binti wa Bungoma, peke yake, mabasi na malori, na alipofika hakwenda ofisi yoyote, alikwenda uwanjani. Alisimama nyuma ya goli hili mpaka mapumziko, akahamia goli la pili, na mechi iliyofuata vilevile, akiwatazama makipa mgongoni. Kila kambi. Kila uwanja wa vumbi.

Joram hakuwa katika goli lolote.

Lakini alimwona beki wa Timu ya Chai, akimjua kwa picha. Huyo ndiye aliyemweleza. Kwamba Joram alikuwa na pasipoti ya Kenya na kwenye kizuizi cha wauaji waliambiwa wageni wapite. Angepita. Alikuwa ameshika mikono ya watoto wawili wa mchezaji mwenzake, akasema ni wake. Wakamwuliza watoto wa Mkenya wanaitwaje, wakawauliza watoto wenyewe, na watoto ni watoto, wakasema majina ya baba yao. Wote watatu walikwenda mtoni. Beki yule alisimulia akitazama chini, na Nekoye hakumwuliza yeye siku ile alikuwa amesimama upande gani wa kizuizi.

Kwa hiyo Joram amekufa. Milka, lia, mwanangu, lia, sikukatazi. Amekufa miaka mitatu sasa, na mimi na Nekoye tumelijua hilo miaka miwili.

Nipeni maji. Asante.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Kwa sababu nawajua. Siku ningesema Joram amekufa, kesho yake asubuhi mngeuliza nani anaingia nyumba ya Nekoye. Oduor, nitakuambia mbele ya watu, kwa kuwa kaburini sitaweza kukuambia. Mke wako Anyango hatoki ndani tangu Pasaka. Mtoto wenu wa mwisho tulimzika akiwa hajaota meno. Watu wanasema ni chira, eti kuna mwiko mlioukosea. Mimi nimewaona vijana wa gatini wakiondoka mmoja mmoja kwa mtindo huo huo, wakikonda, wakiharisha, na wake zao nyuma yao, na wajane waliorithiwa nyuma ya wake zao. Hiyo si chira. Hiyo ni ukimwi, haya, nimelitaja jina, nyumba haijaanguka. Na ukiingia kwa Nekoye utamuua, na mtoto wa Joram atabaki bila mtu. Sikumnyima mwanangu kaburi miaka mitatu ili mje mmalizie kazi ya wale wa kizuizini.

Sasa sikilizeni agizo langu. Shamba la chini, linalopakana na mto, ni la Nekoye na mwanawe, na Obiero umesikia mpaka wake uko wapi. La juu ni la Oduor. Milka, ng'ombe mwekundu ni wako, mume wako asimguse. Redio mpe Obiero. Ndiyo, wewe. Tangu mwaka ule wa tisini na nne umekuwa ukija hapa kila Jumapili ukikaa kimya kusikiliza nami ligi za wenye njaa, na hukuniita jina lile tena. Chuki yangu imekwisha, ichukue redio.

Yago izikwe leo, jua halijatua, kulia mwa mahali nitakapolala mimi. Mlie kama watu wanavyolia. Halafu Nekoye. Mila inataka mwanamume aingie nyumba ya mjane. Hata kanisani kwetu wazee wamewahi kukubali koti badala ya mtu. Basi koti liingie, mwenye koti abaki nje. Oduor, vua hilo koti lako umpe dada yako, alitundike kwa Nekoye usiku mmoja, asubuhi alitoe, na neno hilo limekwisha milele. Atakayeingia kwa Nekoye bila Nekoye mwenyewe kumwita, baraka yangu haimfikii.

Vua, Oduor. Unasema unasikia baridi? Jua lote hili? Vua, nasema.

Ee.

Ee, Mungu wangu. Mikono hii ni yako? Milka, fungua dirisha nione vizuri. Oduor, nyathina, mwanangu, tangu lini? Umekaa ndani ya koti hili tangu Krismasi, na mimi nikidhani ni maringo ya mjini. Mifupa mitupu. Njoo. Njoo hapa karibu, usiogope, sina nguvu ya kukupiga. Kumbe baridi ni ya kweli. Milka, mrudishie koti lake, mfunge vifungo, tundika shati lake lolote kwa Nekoye, shati litatosha.

Nimekuchelewesha, baba. Miaka mitatu ulikuwa na nguvu za kujenga.

Subirini. Msinilaze. Bado napumua.

Nekoye, Mungu akulinde wewe na mtoto wako, ulienda mahali ambapo mwanamume wa nyumba hii hakwenda. Milka, uzae, uzeeke, uwazike wakubwa tu. Obiero, mwambie mwanao alete jogoo. Na shoka. Na kaa la moto litoke katika jiko la Anyango, na Anyango mwenyewe mumbebe kama hawezi kutembea. Baba akiwa hai ndiye humtoa mwanawe kwenda kuanzisha boma. Mimi niko hai. Mkizika yago leo, kesho alfajiri niwekeni kwenye mkeka, mshike pembe nne, mnitangulize mbele yake mpaka shamba la juu.

Nyumba iwe ndogo. Ya matope, ya siku moja. Mlango tu, na paa.

Shika mkono wangu, Oduor. Utakufa kwako.