Mama Dodoso na Jibu la Nne

Jina lake kamili limechapwa kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, chini ya picha ambayo mwenyewe aliichukia kwa sababu, alisema, inamwonyesha kama mtu anayekubaliana na kila kitu. Humu ndani aitwe alivyoitwa na mtaa mzima, na ofisi, na wauguzi wa wadi yake ya mwisho: Mama Dodoso. Dodoso ni yale makaratasi ya maswali ya watafiti. Aliyabeba kwapani miaka na miaka, mpaka blauzi zake zote zikachakaa upande mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake dobi wa hospitali. Watoto wengine huanza kusema kwa "mama" au "baba". Yeye, kwa ushahidi wa dada yake mkubwa aliyeketi nasi leo, alianza kwa "kwa nini". Mama yake, akipiga pasi mashuka ya wadi ya wazazi, alimjibu hadi pumzi zikamwishia, kisha akasema: "Mwanangu, atakayekuoa wewe atafanya mtihani kila siku." Kauli ya mama haianguki chini, kama tutakavyoona.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana. Huko ndiko mwalimu wa maarifa ya nyumbani alipochora ubaoni familia bora: baba, mama, watoto wawili na jiko lisilotoa moshi. Marehemu akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao watoto wawili, mama yao aliulizwa?" Alipewa adhabu ya kufuta ubao wiki nzima. Ubao ulifutika, swali halikufutika. Alikwenda chuo kikuu kusomea sosholojia na akakimaliza mwaka 1980, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kujisifia, na tafadhali tusiangaliane.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa jamii, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajafika na ikabaki pale pale kama kumbukumbu. Chumba chao kilikuwa na meza tatu, feni iliyozunguka pale ilipojisikia, na makabati ya bati yaliyolia ukiyafungua. Kazi ilikuwa kujua wanawake wanachagua vipi kuzaa au kutozaa: nani anameza vidonge, nani amewekewa kitanzi, nani anahesabu siku kwa vidole, na nani ameamua kumwachia Mungu na kumlaumu mume.

Utafiti wake wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Walifika mtaani na gari lenye maandishi makubwa ubavuni, wakaketi sebuleni, wakafungua kalamu. Mtaa mzima ukajibu kwa sauti moja kwamba hautumii njia yoyote. Mkuu wao, mzee mmoja msomi aliyependa majedwali kuliko chakula, akatoa hukumu kwamba wanawake wa pale wanapinga uzazi wa mpango. Marehemu alikubaliana naye na hata akaandika aya nzima juu ya mila zao. Bahati ilikuwa mvua. Alisahau mwavuli katika nyumba ya mwisho, akarudi kuufuata, na mwenye nyumba akampokea mlangoni huku anacheka.

"Dada, wewe msomi kweli? Mama mkwe yuko pale anachambua mchele, wewe unaniuliza natumia nini! Ulitaka nijibu au nihame?"

"Kwa hiyo unatumia?"

"Vidonge. Viko kwenye shimizi, nimeshonewa mfuko. Nusu ya mtaa huu tumeshonewa. Haya, shika mwavuli wako uende, anatazama."

Aya ya mila ikachanwa. Toka siku ile marehemu alikuwa na sheria moja aliyowafundisha watafiti wote waliopita mikononi mwake: kalamu ikifungwa ndipo mdomo hufunguka. Uliza ndani, sawa, lakini jibu lenyewe litakuja mlangoni, ukishasimama, ukishaaga, mkeka ukishakunjwa. Akawafundisha kusahau miavuli kwa makusudi, kiangazi na masika, mpaka mhasibu wa kituo akapanda ngazi zote zile kuuliza kama utafiti huu ni wa uzazi au wa mvua.

Ile mifuko ya shimizi ndiyo iliyomletea mume. Alimtafuta fundi aliyeishona, akamkuta kwenye kibanda chenye cherehani moja na vitambaa mpaka darini, akafungua kalamu. Fundi hakuinua kichwa.

"Mimi nashona mfuko, dada. Mteja ataweka humo nini, hiyo si kazi ya sindano."

"Nitajie hata mmoja, siandiki jina."

"Ukitaka kujua siri ya mfuko, leta kitambaa chako nikupime."

Alikwenda na kitambaa. Waliofahamu kasi ya fundi yule walishangaa shimizi moja kuchukua miezi mitano, na mteja kuifuata kila Ijumaa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Aprili 1984. Ikawa kama mama yake, yule dobi, alivyotabiri: mume alifanya mtihani kila siku. Kila dodoso jipya lilijaribiwa kwake kwanza. Baada ya chakula fundi alijifunga mtandio, akaketi kwenye kigoda, akawa mama wa watoto kumi na mmoja.

"Mama, huyu wa mwisho, ulipopata mimba yake ulitaka mtoto wakati ule, ulitaka baadaye, au hukutaka kabisa?"

"Mwanangu, huyu? Sikumtaka kabisa! Ana kichwa kama cha baba yake, na baba yake mwenyewe nilimchukua kwa huruma."

Hilo ndilo lililokuwa swali kubwa la kazi yake, na majibu yalikuwa matatu tu: wakati ule, baadaye, kabisa. Alilisoma kwa maelfu ya wanawake. Kabla ya kulizoea, likamgeukia.

Mwishoni mwa 1984 alikuwa safarini kwa wiki kadhaa akichunguza kwa nini wanawake husahau kumeza vidonge. Alichunguza kwa bidii kiasi kwamba akasahau vyake. Binti yao alizaliwa tarehe 2 Septemba 1985. Ofisini walicheka mpaka kabati zikalia. Mtaalamu wa uzazi wa mpango amezaa bila mpango! Mtoto akabandikwa jina la utani, Kosa la Takwimu, na marehemu alicheka pamoja nao, kwa sababu aliyechekwa asipocheka huchekwa mara mbili.

Lakini watoto hukua, na masikio hukua nao. Binti akiwa na miaka kumi alipeleka chakula cha mchana ofisini, akapanda ngazi zote nne, na mmoja wa watafiti akamsalimia kwa furaha: "Kumbe ndiye wewe, Kosa la Takwimu!" Jioni ile binti alimkuta mama yake anapanga makaratasi mezani. Swali lile alikuwa analijua kwa moyo. Amelisikia tangu anajifunza kutembea.

"Mama, mimi ulinitaka wakati ule, baadaye, au hukunitaka kabisa?"

Marehemu aliinua macho, akayashusha.

"Mhoji hahojiwi," alisema, na akampa biskuti.

Binti alikula biskuti. Swali hakulila. Alilibeba shuleni, akalibeba chuo cha ufundi, akalibeba akiwa fundi wa lifti mwenye mkanda wa vifaa kiunoni. Na alipokosana na mama yake, na walikosana kama watu wanaopendana na kufanana, alilikuta likimsubiri chini ya kila ugomvi. Hakuwa na ndugu wa kumuuliza. Majirani walimwambia mama yake ni mwalimu wa kufunga uzazi ndiyo maana akafunga wake. Yeye alijiuliza jambo moja tu: huyu mama aliishia kwangu kwa sababu nilimtosha, au kwa sababu nilimkomesha?

Wakati huo huo, bila binti kujua, kulikuwa na vita ghorofa ya nne. Kila utafiti mpya ulipoandaliwa marehemu alipendekeza swali lile liongezwe jibu la nne: "Sikupanga, lakini alipofika nikamtaka." Kila mara yule mzee wa majedwali alikataa.

"Mama, hisia za baadaye si takwimu. Hilo jibu halina safu."

"Basi chora safu, mzee. Kalamu unayo."

"Na wale waliosema hawakutaka kabisa?"

"Wabaki na jibu lao, wasibembelezwe. Mwanamke akisema hakutaka, hakutaka. Mimi nawasemea wale wengine, tunaowalazimisha kudanganya kwa kukosa mahali pa kuweka tiki."

Waligombana hivyo mpaka mzee akastaafu, na wakagombana kwenye sherehe ya kumuaga. Marehemu alistaafu mwaka 2017. Jibu la nne halikupata safu.

Hapa lazima tueleze kwamba wasifu huu nusura usisomwe. Katika kikao cha familia, wifi yake mkubwa, dada wa mume, alipinga. "Andikeni alikuwa afisa takwimu, inatosha. Neno kitanzi litasomwaje makaburini, mbele ya viongozi wa dini?" Mume akamjibu, "Litasomwa kwa sauti, dada. Yeye alilisema maisha yake yote." Wifi akanuna, akaaga, akaondoka. Dakika chache baadaye akarudi kuchukua mkoba aliousahau. Akasimama mlangoni. "Hilo neno liacheni," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nacho. Yeye ndiye aliyenisindikiza kliniki, na marehemu mume wangu hakujua mpaka anakufa. Andikeni, ila jina langu msitaje." Hatujalitaja.

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka mwaka 2021. Daktari alisema umetanuka, naye akasema ana habari hiyo tangu alipoolewa. Hakuwa mgonjwa rahisi. Daktari kijana alipomuuliza, "Unavimba miguu na kukosa pumzi?" alimjibu, "Hayo ni maswali mawili, mwanangu. Nikisema ndiyo, utaandika lipi?" Mwaka huu 2023, mwezi wa Mei, alilazwa kwa mara ya mwisho. Mume alimshonea gauni la hospitali lisilofunguka mgongoni. Aliweka mfuko ndani, kwa heshima ya zamani.

Siku mbili kabla ya mwisho, binti alikuja kumwona. Walizungumza habari za wajukuu na supu ya hospitali. Kengele ya kuwaaga wagonjwa ikalia, muuguzi akaanza kufukuza watu kwa upole. Binti akambusu mama yake, akatoka. Baada ya muda akarudi, akasimama mlangoni.

"Nimesahau mwavuli."

Marehemu alitazama mwavuli ulioegemezwa kitandani. Akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa linawaka kana kwamba limelipwa.

"Wingu halipo hata la dawa," alisema. "Nilikufundisha lini kuusahau waziwazi hivyo? Haya. Uliza."

Binti hakuuliza kwa mdomo. Aliinua vidole vitatu tu, kimoja baada ya kingine, kama mama yake alivyowafanyia wanawake wasiojua kusoma.

"Baadaye," alisema marehemu. "Nilitaka baadaye. Nilitaka nimalize ule utafiti, tupate chumba chenye dirisha la pili. Ukafika mapema, kama mgeni anayebisha hodi mwenyeji yuko bafuni."

Binti alishika mlango.

"Usiondoke, jibu halijaisha. Wewe wakakuweka kifuani kwangu, ukanipigia chafya usoni. Kubwa, ya mzee. Hapo hapo nikajua lile swali limekosewa. Unafikiri niligombana na yule mzee miaka yote ile kwa ajili ya sayansi? Watu wote walidhani ni sayansi."

"Mama, ungeniambia. Nilikuwa na miaka kumi."

"Niliogopa. Nikisema 'baadaye', ungekimbia kabla ya nusu ya pili. Nimeona wengi wanakimbia na nusu."

"Na wa pili? Mbona hakuja?"

"Huyo tulimpanga asije, akatii. Mimi na baba yako tulikutazama, tukasema tumeshiba. Na kushiba nako ni kuchagua, andika hivyo."

Muuguzi alikuja kumtoa binti kwa mara ya pili, akawakuta wote wawili wanacheka na kulia, akaenda kufukuza watu wa kitanda kingine.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, fundi, ambaye kwa mara ya kwanza hana wa kumfanyia mtihani. Ameacha binti mmoja, na familia imeombwa na binti mwenyewe isome hapa, kwa sauti, kwamba alitakwa. Ameacha mkwe, wajukuu wawili, dada wawili na kaka mmoja, wifi asiyetaka kutajwa, watafiti wengi wanaosahau vitu kwa watu, na wanawake wasiohesabika ambao siri zao amekwenda nazo zote, bila kuangusha hata moja.

Leo asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, mtu mmoja aliuliza kama mwavuli wa marehemu uwekwe naye kaburini. Binti akakataa. Ameutundika nyuma ya mlango wa sebule, pale ambapo kila anayeaga ataugusa kwa bega.

Kalamu imefungwa, Mama. Safari hii usirudi kuufuata. Pumzika kwa amani.